Mama Mkwe Juu ya Gari la Daktari wa Meno

Fundi huyu watu walimwita Subiri, na jina lilimganda kama oili kwenye kucha. Ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, anasema subiri. Ukimwambia chakula kimeiva, subiri. Mkewe husimulia kwamba hata siku ya posa, wazee walipomuuliza kama kweli anamtaka binti wa watu, alijibu, "Subirini kidogo," kumbe alikuwa amebanwa na chafya. Chafya ikapita, akasema anamtaka tena sana, lakini mama mkwe hakuisahau ile subiri. Miaka ishirini na minne ilipita, na wawili hao walikuwa hawajavuka shikamoo na marahaba. Subiri akiwa na neno kwa mama mkwe, alimwambia mkewe, na mkewe akamwambia mama yake, hata kama wote watatu wameketi kwenye meza moja na anachotaka ni kupitishiwa chumvi.

Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya nyumba. Upande wa kushoto kulikuwa na dirisha la chumba ambamo mkewe alishona nguo za watu, na juu, kutoka ukuta hadi ukuta, ilipita boriti ya chuma ambayo jirani yao mchomeleaji aliichomelea siku moja alipokuwa na haraka, kwa hiyo ilikaa chini kuliko ilivyotakiwa. Subiri mwenyewe aliinama kila alipopita hapo. Kazi yake kubwa ilikuwa injini za mashine za kusaga, jenereta, na pikapu zilizochoka. Vyombo vya kwenda mbio hakuwa na habari navyo. Aliamini kuwa gari likikufikisha, limemaliza kazi yake.

Basi asubuhi moja daktari wa meno wa mtaa wa pili akaingia uani na gari la spoti, lile la viti viwili, rangi ya kiini cha yai, fupi kiasi kwamba daktari alipotoka ilibidi kwanza atoe mguu, kisha mkono, kisha apumzike. Injini ilikuwa inagonga. Koko, koko, koko, kama mgeni asiyekata tamaa mlangoni. Subiri akainama, akasikiliza, akasema beringi za chini zimelika. Ili kuzifikia ni lazima kufungua sampu, lile beseni la oili lililo tumboni mwa injini, na kwenye gari hili sampu haifunguki mpaka injini itoke nje.

Daktari alitoa kitabu cha gari hilo. Kiliandikwa kwa lugha ambayo uani hapo hakuna aliyeijua, lakini kilikuwa na picha, na picha Subiri alizisoma vizuri. Kilichomkera ni yule fundi wa kwenye picha. Alivaa koti jeupe, mikono misafi, anatabasamu. Kwenye picha ya kumi na nne anafungua bolti moja huku akitabasamu. Kwenye picha ya kumi na tano injini iko hewani, naye bado anatabasamu. Katikati ya kumi na nne na kumi na tano, Subiri alimwambia mkewe usiku ule wakila, pangetosha kitabu kingine kizima, na mtu huyo asingekuwa na sababu ya kucheka.

Uamuzi alioufikia ulikuwa huu: giaboksi ibaki ndani ya gari, injini itoke pamoja na klachi yake. Klachi ilikuwa mpya, imefungwa na kulengwa vizuri na fundi mwingine miezi michache nyuma, na kitu kilicholengwa vizuri hakiguswi. Shida ni kwamba klachi ikibaki mgongoni mwa injini, injini inakuwa ndefu kwa shibiri nzima. Huwezi kuinyanyua juu moja kwa moja. Inabidi uivute mbele kwanza mpaka shafti ya giaboksi, ile fimbo yake ya chuma, ichomoke katikati ya klachi, kisha uinue pua yake, kisha uipandishe kwa mshazari, kama mtu anayetoa kabati la bibi kwenye mlango mwembamba.

Siku mbili alifungua. Boneti ikatoka, ikaegemezwa ukutani. Maji na oili vikamwagwa kwenye madebe, redieta ikatoka. Nyaya zilikuwa nyingi kama nywele, na kila alipochomoa moja, mkewe alifunga vipande viwili vya kitambaa kimoja, kimoja kwenye waya na kingine pale ilipotoka: maua kwa maua, mistari kwa mistari, madoa kwa madoa. Mwisho wa siku ya pili gari lilionekana kama limealikwa harusini.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe. Mchomeleaji alikuja na mnyororo wake wa kunyanyulia, akautundika kwenye boriti. Subiri akashika injini kwa mbele, mkewe akasimama ubavuni kuangalia klachi isikwaruze, mchomeleaji akaanza kuvuta. Injini ikaja mbele kidogo kidogo, shafti ikachomoka, watu wakapumua. Ikaanza kupanda. Lakini kadiri injini ilivyopanda, gari nalo lilipanda, maana uzito uliokuwa umekandamiza springi za mbele ulikuwa umeondoka. Mnyororo ukavutwa shibiri moja, gari likanyanyuka nusu shibiri, kana kwamba halitaki kuachana na injini yake. Na boriti, kama nilivyosema, ilikuwa chini. Mchomeleaji aliitazama kazi yake ya siku ile ya haraka, akatazama pembeni.

Walijaribu kuweka gunia la mchanga mbele ya gari. Likateleza, likapasuka. Mke wa fundi akakaa yeye, lakini alikuwa mwembamba kama sindano yake, na springi hazikutambua kuwa kuna mtu.

Kumbe dirishani kulikuwa na mtazamaji. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa wiki mbili wakati paa la nyumba yake linatengenezwa, na huo ulikuwa mwezi wa tatu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na kwa miaka thelathini alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka. Alijua uzito wa kitu kwa kukitazama. Aliwahi kumwambia shemeji yake mbele za watu kwamba ameongezeka kilo nne tangu Jumatatu, na alipopimwa zilikuwa nne kamili.

"Mwambie mumeo," alimwambia binti yake, "hapo panatakiwa kilo tisini."

Binti yake akamwambia mumewe aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka dirishani. Subiri akamwambia mkewe amwambie mama kuwa kweli, lakini kilo tisini hazipatikani hapa.

"Mwambie mimi ni tisini na mbili."

Subiri alitamani ardhi ipasuke, injini iangukie humo na yeye aifuate. Mama mkwe kumkalisha juu ya gari kama mfuko wa saruji! Alimwomba mkewe amwambie mama kuwa jambo hilo halifai, watu watasema nini. Lakini mama alikuwa ameshatoka na mto wa kukalia mkononi. Akauweka juu ya kile chuma cha mbele kinachoshika taa, akakaa taratibu, akapanga nguo yake magotini. Gari likashuka kwa adabu. Mchomeleaji akavuta, injini ikapanda peke yake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kukaonekana mwanga kati ya sampu na gari.

Hapo ndipo mnyororo ukakwama.

Hauendi juu, hauendi chini. Mchomeleaji aliupiga, aliutikisa, aliutukana kwa sauti ya chini kwa heshima ya mama, wapi. Injini ilining'inia, sampu yake vidole vitatu juu ya chuma, klachi bado ndani ya gari. Mchomeleaji akasema anajua mtu mwenye mnyororo mwingine, akaondoka mbio. Na mama mkwe alipotaka kushuka, Subiri akaona kwa macho yake kitakachotokea: akishuka yeye, gari litaruka juu, litapiga sampu, na sampu ile ilikuwa ya bati laini, ikipasuka ndiyo imepasuka. Akasahau miaka ishirini na minne. Akasema mwenyewe, kwa kinywa chake:

"Mama, usishuke."

Mama mkwe akamtazama. Binti yake akafunga mdomo aliokuwa ameshaufungua kutafsiri, kisha akasema anakwenda kuleta chai, na akaenda kwa mwendo wa mtu anayekimbia kucheka mbele ya watu.

Wakabaki wawili na injini. Subiri alikuwa ameikumbatia ili isizunguke, shavu lake limegusa chuma, uso wake umeelekea kwa mama mkwe pasipo pa kujificha. Oili ikadondoka tone moja kwenye debe. La pili likafuata.

"Baba," mama alisema, "siku ile ya posa. Uliposema subirini. Ulikuwa unafikiria nini?"

"Ilikuwa chafya, mama."

"Chafya tu?"

"Chafya tu. Nilitaka ipite nisije nikawachafulia wazee."

Mama mkwe alilipima jibu hilo kama alivyopima magunia. Mwishowe akakubali kwa kichwa. Alisema kwamba miaka yote hiyo alidhani mkwewe anamlinganisha binti yake na mwanamke mwingine, na kwamba mwaka wa saba alikuwa hata amempata huyo mwingine kwa kukisia, mwuza vitambaa mmoja wa sokoni, na hajanunua kwake tena. Subiri hakumjua mwuza vitambaa yeyote. Mama akasema basi kesho atakwenda kumsalimu yule mama wa watu.

Chai ilipofika walikuwa wanaongea habari za mizani, na mke wa fundi akajikuta hana kazi ya kufanya. Alimpa mama kikombe huko huko juu.

Saa ya chakula cha mchana daktari wa meno akapita kuangalia gari lake. Alivaa koti lake jeupe. Alichokikuta uani ni hiki: gari lake halina uso, limefungwa vitambaa vya maua, injini iko hewani imekumbatiwa na fundi, na mbele ya gari, juu ya mto, ameketi mama mtu mzima anakunywa chai. Alisimama. Akafungua mdomo kuuliza, kisha akamtambua mama, akataka kurudi alikotoka.

"Daktari," aliita ile sauti ndogo. "Karibu. Nilikuwa nakutafuta."

Miezi miwili kabla, daktari alikuwa amemtengenezea meno ya bandia ya taya la chini. Mama alirudi mara tatu kulalamika, na mara zote tatu msaidizi wa daktari alimwambia ayazoee. Sasa hapakuwa na msaidizi wala mlango wa kufunga.

"Gari lako linagonga," alisema mama, "na meno yangu yanagonga. Wewe umepata fundi. Mimi je?"

Daktari alijieleza sana. Akasema angefurahi kumwona kliniki wiki ijayo. Mama akasema yeye hana haraka, ila hapa alipo hawezi kuondoka, na akiondoka gari litaharibika, na akiendelea kukaa na meno yanayomuuma huenda akaondoka. Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Daktari aliitazama sampu, akatazama vile vidole vitatu vya nafasi, akakunja mikono ya koti.

Ilibidi atumie vilivyopo. Mke wa fundi alileta ile karatasi ya rangi anayonakilia mishono, daktari akakata kipande, mama akakiuma, akasaga kushoto na kulia. Alipotoa meno, pale palipozidi palikuwa na doa la bluu. Doa lenyewe dogo, kama punje ya mtama. Daktari akayaosha, akakaa kwenye benchi la Subiri kati ya spana na makopo ya grisi, akasugua kwa msasa laini kabisa uliokuwepo, ule wa kusugulia vali. Akajaribu. Akasugua tena. Subiri, shavu bado likiwa kwenye injini, alimfuatilia kwa jicho moja, na kwa kukiri kwake mwenyewe alifurahi kuona mtu mwingine akihangaika na kitu kilichozidi kwa unywele. Mara ya tatu mama akauma, akauma tena. Akaomba kipande cha mkate. Akakitafuna mpaka kikaisha, uani kote hakukusikika koko hata moja.

"Kumbe unaweza," alimwambia daktari.

Mchomeleaji alirudi na mnyororo mpya baada ya saa nzima na zaidi kidogo. Injini ikapanda, ikatoka, ikawekwa juu ya mbao. Mama mkwe akashuka, na gari likaruka juu kwa mbele kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kazi ya beringi ilimchukua Subiri siku nne, na hiyo ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote, kwa hiyo haina hadithi. Hadithi ilitokea kwenye gari tupu. Daktari alizoea kupita kila mchana, eti kulijulia hali, na siku ya pili mkewe Subiri alimwona kwa dirisha amekaa kwenye kiti cha dereva, anazungusha usukani, anabadilisha gia, anakanyaga klachi, na mdomoni anatoa sauti ya injini. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tatu. Mke wa fundi hakumwambia mtu siku ile, kwa kumsitiri. Lakini klachi ya gari lile ilisukumwa kwa mafuta ya kwenye bomba, na giaboksi ikiwa peke yake hapana cha kuzuia msukumo huo. Kesho yake Subiri akakuta dimbwi chini ya giaboksi na kile kipistoni kidogo cha klachi kimeruka mpaka kwenye debe la bolti. Alikitafuta asubuhi nzima, na hapo mkewe ikabidi aseme alichokiona.

Hakugombana na daktari. Alichukua spana, akafungua kiti cha dereva, akakitoa, akakipeleka chumba cha kushonea. Mama mkwe akakikalia kujaribu, akasema ndicho kiti cha kwanza maishani mwake kilichomjua mgongo. Daktari alipokuja mchana na kukuta shimo mahali pa kiti, aligeuka akarudi kliniki.

Siku ya kurudisha injini walikuwa wote: mchomeleaji kwenye mnyororo, mama mkwe kwenye mto wake bila kuombwa, daktari amefunga kliniki kwa saa mbili. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameinuliwa, gia imewekwa, ili gurudumu likizungushwa na shafti izunguke. Kutoa ni jambo moja, kurudisha ni jambo lingine. Ile shafti ya giaboksi ina meno kuzunguka, na katikati ya klachi pana tundu lenye meno pia, na ni lazima jino liingie penye pengo, bila wewe kuona chochote. Injini ikashuka kwa mshazari, ikarudi nyuma, ikagota.

"Zungusha gurudumu," Subiri alimwambia mkewe. "Pole pole. Pole pole kuliko hiyo."

Akazungusha kama anayezungusha cherehani kwa mkono kwenye kitambaa cha hariri. Kitu kikasema tak, injini ikateleza nyuma, mchomeleaji akapiga makofi. Alipiga mapema. Ikabaki nafasi ya kidole kwa juu, kati ya injini na giaboksi, na nafasi hiyo haikusogea kwa kusukumwa, kutikiswa, wala kubembelezwa. Mchomeleaji akashauri watie bolti wakaze, zitaivuta zenyewe.

"Bolti ni ya kushika, si ya kuvuta," Subiri alisema. "Kuna kitu humo."

Lakini pale juu hapakupitisha kichwa cha mtu. Ndipo daktari akaenda kwenye mkoba wake, akavaa taa yake kwenye paji la uso, akatoa kile kioo kidogo chenye mpini mrefu, akalala kifudifudi juu ya gari lake mwenyewe na koti lake jeupe. Akaingiza kioo kwenye ule mwanya, na kwa mazoea ya miaka mingi akaiambia injini ifungue zaidi kidogo. Hakuna aliyecheka, kwa sababu mchomeleaji, naye kwa mazoea ya kutii, aliuvuta mnyororo na ikafungua zaidi kidogo.

"Naona madoa," alisema daktari.

Ilikuwa waya mmoja wenye kitambaa cha madoa, umejipenyeza na kubanwa nyuma ya injini. Daktari akaushika kwa koleo lake la kung'olea, akauvuta taratibu mpaka ukatoka mzima. Subiri akaweka viganja viwili kwenye injini, akasukuma si kwa nguvu, na ule mwanya ukajifunga kimya kimya. Bolti zikaingia kwa vidole. Daktari aliinuka amejaa grisi kuanzia kola mpaka magotini, anatabasamu, na Subiri akamtazama yule mtu wa koti jeupe akajisemea kuwa huyu angalau ana haki ya kutabasamu.

Maua kwa maua, mistari kwa mistari, siku iliyofuata ilikwisha kwa nyaya. Kiti kikarudishwa, ingawa mama mkwe ilibidi abembelezwe. Ufunguo ulipozungushwa injini ilikohoa mara mbili, ikawaka, na haikugonga. Walisikiliza wote wanne. Mchomeleaji akainamisha sikio mpaka karibu achomwe.

Gari lililotolewa utumbo namna hiyo lazima lijaribiwe barabarani, na Subiri hakupenda kwenda peke yake na mwendo asioujua. Mkewe alikuwa na gauni la bibi harusi la kumalizia. Daktari alikuwa kliniki, na mtu kwenye kiti mdomo wazi. Basi mama mkwe akasema atakwenda yeye, maana gari lenyewe kalikalia siku mbili na hajafika popote.

Kumwingiza kulichukua dakika saba. Wakatoka getini wakiwa chini kiasi kwamba mbuzi mmoja wa jirani aliwatazama kutoka juu. Subiri aliendesha kama anavyofanya kila kitu. Baiskeli iliwapita, kisha mkokoteni wa maji, kisha mtu aliyebeba mlango kichwani. Walipofika barabara iliyonyooka, mama akauliza kile kipande cha chini cha kulia ni cha nini. Subiri akamwambia ndicho cha mafuta. Mama akasema mbona hakitumii.

Akakitumia. Injini ikanguruma, migongo yao ikabanwa kwenye viti, na ile sauti ndogo ya mama mkwe ikatoa kicheko kikubwa ambacho Subiri hakujua kama kimo ndani yake. Walikwenda mpaka mwisho wa lami na kurudi. Waliporudi ikabidi mchomeleaji aitwe na mnyororo wake, kwa sababu mama alikataa kabisa kuvutwa mikono na mkwewe, akasema heshima ina mipaka yake. Mwishowe alitoka mwenyewe, mguu kwanza, kisha mkono, kisha akapumzika, akauliza kama kesho kuna gari lingine.

Kesho yake kulikuja mashine ya kusaga, imeletwa kwa mkokoteni, na Subiri akaifungua akiwa amesimama wima. Mama mkwe alivuta kigoda akakaa kando yake, akamwambia injini hiyo ni kilo mia moja na kumi na nne, asije akainyanyua peke yake.